Jina la Kamba ya Ngwilo

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya sungura kusema na fisi kumjibu. Zamani ya juzi tu, na baadhi ya watu wake bado wanakula ugali hadi leo. Kaeni vizuri. Aliye karibu na mlango aufunge, na asidhani ni kwa sababu ya baridi. Atakayenikatiza nitamwachia yeye aimalizie, tuone kama ataweza.

Kulikuwa na kijiji cha milimani kikiitwa Kwelunga. Chini ya kijiji kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu kulikuwa na bonde, Bonde la Ngwilo. Watu wa Kwelunga walikuwa wakishuka humo kuokota kuni, kuchuma uyoga na kurina asali. Hawakuwa watu wa kukimbia kila kivuli. Ila walikuwa na sharti moja. Ukishavuka kijito cha kuingilia bondeni, humwiti mtu kwa jina lake. Unapiga mluzi, au unapiga makofi, au unamwita kwa kazi yake. Jina linabaki ng'ambo.

Kwa nini? Kwa sababu bonde lile linasikia. Ukiita jina, linalirudisha mara tatu, na ile mara ya tatu sauti si yako. Mpasua mbao mmoja aliitwa na mwenzake humo, "Mbelwa, lete msumeno." Mbelwa akaleta msumeno, wakamaliza kazi, wakarudi nyumbani, wakala wakashiba. Mwezi uliofuata Mbelwa aliacha chai yake mezani ikiwa bado ya moto, akasema anaitwa, akashuka. Ilipatikana kofia. Halafu mama mmoja aliitwa na binti yake walipokuwa wakichuma uyoga. Naye akashuka. Yeye haikupatikana hata kofia. Mimi sisemi ni jini, sisemi ni nini. Nasema walikuwepo na sasa hawapo. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa.

Sasa sikilizeni habari za kamba.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Zahabu, msusi wa matenga. Alisuka tangu ana miaka minane, na matenga yake yalibeba kabichi za mlima mzima hadi sokoni. Siku moja alikata kamba za msituni, ile mimea inayopanda miti, kama kawaida yake, akasuka tenga, akaliweka ukumbini. Asubuhi akakuta limefumuka. Akalisuka tena, akalikaza kwa goti. Asubuhi limefumuka. Akawauliza watoto kwa ukali nani amechezea tenga, watoto wakaapa. Akasuka mara ya tatu, akakaa akalitazama mchana kutwa, na kwa macho yake akaona kamba moja inajikunjua polepole, inajitoa katikati ya wenzake, hakuna aliyeigusa.

Mtu mwingine angelitupa tenga motoni. Zahabu alikasirika. Alirudi bondeni hadi kwenye mti alikoikata, akasimama akaichunguza. Kamba zote za msitu ule hupanda mti zikizunguka kuelekea kulia. Hii ilizunguka kuelekea kushoto. Yeye alikuwa akiisokota kinyume cha ilivyozaliwa, ndiyo maana ilikuwa inakataa. Akaikata kidogo. Utomvu ukatoka mweupe, na kabla hajafuta kisu ukawa mweusi. Miaka arobaini alikuwa akikata kamba Ngwilo, na hii hakuwahi kuiona.

Akaipeleka kwa Nandonde. Nandonde alikuwa mlinzi wa msitu, mtu wa kusini, kibanda chake kiko ukingoni mwa kile kijito. Hakuwa na mke wala mtoto, na Kwelunga nzima hapakuwa na mwingine mwenye jina kama lake. Nandonde akatuma habari mjini, na akaja Dokta Naetwe, mwanamke aliyesomea mimea.

Dokta Naetwe akaigeuza ile kamba, akainusa, akahesabu majani yake, akatazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akaiweka chini.

"Mama Zahabu," akasema, "hii siijui."

"Wewe ndiye daktari wa mimea. Usipoijua wewe ataijua nani?"

"Ndiyo maana naogopa kusema kitu. Inawezekana hakuna anayeijua. Lakini majani peke yake hayasemi mengi. Nahitaji ua na tunda. Bila ua siwezi kuiandika."

Na maua yalikuwa juu kabisa, kwenye kilele cha mkuyu mrefu kuliko minara yote mliyoiona. Kwa hiyo akaitwa Singano. Singano alikuwa mkwezi, mrina asali, kijana wa miaka thelathini na mkewe Tabia na mtoto mmoja wa kubebwa. Alikuwa mtu wa utani na kelele. Kumbukeni hilo, maana baadaye hamtamtambua.

Wakashuka wanne. Walipofika kijitoni wakafanya kama wanavyofanya watu wa Kwelunga. Kila mmoja akageuka kutazama kijiji, akalitaja jina lake mara moja, akaliacha hapo kama mtu anayevua viatu mlangoni. Naetwe naye akataja lake, kwa aibu kidogo. Wakavuka. Tangu hapo wakawa Msusi, Mkwezi, Mlinzi na Mgeni.

Chini ya mkuyu wakapatana ishara. Mluzi mmoja maana yake endelea. Makofi maana yake tupa ulichopata. Wakarudia mara mbili ili wasisahau. Mluzi, endelea. Makofi, tupa. Watu wanne wazima, wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyefikiria ishara ya kumwambia mtu arudi.

Singano akapanda. Akapita ukungu, wakamwona miguu tu, kisha wakamwona tena juu ya ukungu, mdogo. Zahabu alikuwa amesimama pembeni kidogo, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeona. Tawi alilolikanyaga Singano lilikuwa na ufa mahali linaposhikana na shina, na ufa ule ulikuwa unapanuka.

Zahabu akapiga mluzi, kwa hofu tu, hakujua apige nini. Singano akasikia endelea, akasogea mbele. Zahabu akapiga makofi. Singano akasikia tupa, akakata kichala cha maua akakiachia kikashuka kinazunguka, kisha akanyoosha mkono afikie tunda. Zahabu akapaza sauti, "Mkwezi, rudi nyuma." Lakini juu kule kulikuwa na upepo, na maneno yalifika yamechanika. Ufa ukatoa mlio. Waliokuwa chini wote wakausikia.

Zahabu akaita, "Singano."

Akageuka. Mtu hata akiwa katikati ya upepo atasikia jina lake. Akageuka, akaona ufa, akajirusha akakumbatia shina, na tawi likaanguka likavunja yote yaliyokuwa chini yake. Kisha pakawa kimya, na bonde likaanza kurudisha. Singano. Singano. Wakadhani limemaliza. Wakavuta pumzi. Ndipo ikaja ya tatu, imechelewa, ya chini, na haikuwa sauti ya Zahabu wala ya mwanamke yeyote.

Singano akashuka na matunda mawili ndani ya shati. Akakaa chini.

"Dada," akasema, "umenifanyia nini?"

"Nimekuokoa, mdogo wangu."

"Najua. Ndiyo nakuuliza, umenifanyia nini?"

Zahabu akainama akaokota kichala cha maua. Wakatoka bondeni.

Jioni ile ile Dokta Naetwe akashikwa na homa kali, akapandishwa kijijini amebebwa. Kabla hajapandishwa akamkabidhi Nandonde yale maua, yamelazwa kati ya magazeti na kubanwa kwa mbao na mikanda. "Kila siku ubadilishe magazeti," akamwambia, "na uyaweke penye joto. Yakiota ukungu yamekwisha, na itabidi mtu apande tena."

Apande tena nani? Nandonde alielewa vizuri. Na mvua ikaanza. Ikanyesha siku kumi na mbili, barabara ikakatika, mafuta ya jiko yakaisha siku ya tatu. Nandonde akahamishia mbao juu ya mafiga. Kuni kavu zikaisha. Akachoma kigoda chake. Akachoma meza. Akachoma kitanda, akalala chini. Siku ya kumi akang'oa mlango wa kibanda akaupasua akauchoma, na kibanda kikabaki wazi kinatazamana na bonde. Siku kumi na mbili alibadilisha magazeti, na kila alipobadilisha alikuta maua yamekauka vizuri, rangi yake ya maini iko vile vile. Kifua alichokipata siku zile hakijamtoka hadi leo. Ukipita kibandani kwake utamsikia anakohoa kabla hujamwona.

Naetwe akapona, akachukua maua akaenda nayo mjini. Akakaa nayo miezi kumi na minne. Alihesabu vinyweleo vya jani upande wa chini. Alichemsha ua moja, akalipasua kwa sindano, akachora kila kilichokuwa ndani. Alifungua makabati yote yenye mimea mikavu ya jamaa wa kamba ile, iliyokusanywa na watu waliokufa zamani, akailinganisha na mmoja mmoja. Haikufanana na wowote. Akawaandikia wataalamu wa nchi za mbali, nao wakajibu kwamba hawaijui. Ndipo akajua kwamba kamba ile haijawahi kuandikwa na mtu tangu watu waanze kuandika.

Mkadhani hadithi imeisha. Bado. Hapa ndipo ninapopaogopa mimi.

Miezi ya kwanza Singano alikuwa mzima. Kisha siku moja alikuwa analima na mkewe, akasimamisha jembe, akasema, "Naam?"

Tabia akamwambia, "Mimi sijakuita."

"Basi ni nani?"

"Hakuna mtu hapa, baba."

Akarudi kulima. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo kisimani. Kisha ikawa kila siku. Anakula, anasema naam. Amembeba mtoto, anasema naam. Akaacha utani, akaacha asali. Tabia akakataza watu wasimwite jina kabisa, wamwite Baba Mwana, ili akiitwa kwa jina ajue si wao. Haikusaidia kitu. Mara mbili walimkuta njiani anaelekea bondeni, mikono mitupu, anatembea kama mtu anayekwenda dukani. Mara ya pili alikuwa ameshaingiza mguu kijitoni. Nandonde ndiye aliyemshika, akamrudisha huku akikohoa.

Basi Dokta Naetwe akarudi Kwelunga amebeba karatasi. Wakakaa ukumbini kwa Zahabu, wote wanne, na Tabia.

"Kazi imekwisha," akasema Naetwe. "Nimeandika majani, ua, tunda, utomvu na inavyozunguka. Jina la ukoo lipo, maana jamaa zake wanajulikana. Limebaki jina lake yenyewe. Nataka kumpa mmoja wenu heshima hii, iitwe kwa jina lake. Nafasi ni ya jina moja. Likishachapwa halifutiki, mimi nitakufa na ninyi mtakufa, lenyewe litabaki."

Najua katikati yenu kuna mjanja ameshapata jibu. Atasema iitwe kwa kule kuzunguka kwake kushoto. Jina hilo lilishachukuliwa na ndugu yake wa nchi nyingine. Atasema iitwe Ngwilo. Wazee wa Kwelunga walishakataa, hawataki bonde lao litafutwe na wageni. Atasema Naetwe ajipe mwenyewe. Katika kazi yake anayeuandika mmea hajipi jina, ni aibu kubwa. Atasema basi isipewe jina. Wakata magogo walikuwa wameshapiga miti alama za rangi nyekundu mpaka kijitoni, na mmea usio na jina hauna wa kuutetea. Nimewafungia milango yote, kaeni.

Nandonde akasema kwanza. "Nipeni mimi. Sina mtoto wa kulibeba jina langu, na huku nilipo hata kaburini litaandikwa vibaya. Nilichoma kitanda changu na mlango wangu. Ningelala siku moja tu, maua yangeoza, na huyu kijana angepandishwa tena. Siogopi bonde. Nimelala nalo uso kwa uso bila mlango."

Tabia akamtazama. "Kaka Nandonde, tunakushukuru. Lakini bonde halijakuita wewe. Lina jina la mume wangu mdomoni. Mpeni yeye. Ile kamba ikiitwa Singano, bonde likiita Singano itakuwepo ya kuitika, ipo hapo hapo na mizizi yake. Litaacha kumtafuta mtu. Na haki yake anayo, ndiye aliyepanda."

Nilipofika hapa, siku moja nilipoisimulia kwenye matanga, wanawake wote walisema ndiyo, apewe Singano, na wakataka niishie hapo. Lakini Singano mwenyewe alikuwepo ukumbini, na alikuwa hajasema.

"Mama," akamwambia mkewe, "nimeitwa mara moja tu, na tazama nilivyo. Jina langu likiandikwa, kila atakayekuja kuitazama kamba ile atalitaja chini ya mti ule. Wanafunzi watakuja, watafundishana, watalirudia ili wasilisahau. Nitaitwa na watu mia. Mnadhani nitaweza kukaa?"

"Kamba itakuitikia," akasema Tabia.

"Nani amekuambia? Wewe unasema, na mimi ndiye ninayesikia. Haki yangu ninaijua. Nimeitafuta kwa mikono yangu na tunda nilileta. Lakini naogopa, mke wangu. Naogopa kuliko siku ile juu ya tawi."

Tabia akaanza kulia kwa kujizuia, mtoto mapajani.

Zahabu akasema mwisho. Alikuwa amekaa chini, mikono imelala juu ya tenga ambalo halijakamilika.

"Andika Zahabu. Mimi ndiye niliyeiona kwanza, wengine wote mmefuata macho yangu. Hiyo ni haki, sihitaji kuiombea. Na mimi ndiye niliyevunja sharti. Niliujua mwiko tangu sijaanza kutembea, na niliita. Ningenyamaza angekufa siku ile, nikaita na sasa anakufa kidogo kidogo. Basi litajwe langu humo, litajwe mpaka bonde lisahau la Singano. Kama lazima limchukue mtu, limchukue aliyefungua mdomo."

"Dada, una watoto wanne," akasema Singano.

"Wewe unaye mmoja, na hajaanza hata kusema."

Naetwe akashika kalamu. Alimtazama Nandonde, aliyekuwa anataka na haogopi, na akakumbuka kwamba anaishi hatua thelathini kutoka bondeni, mlango mwingine hajauweka na hana wa kumshika shati. Alimtazama Zahabu, mwenye haki ya kwanza na kosa la kwanza. Alimtazama Singano. Akatua ncha ya kalamu kwenye karatasi, hakuandika.

Nje kulikuwa kweupe, kuku wanachakura, hakuna mtu aliyeita. Wote waliokuwa ukumbini waliapa baadaye kwamba hakuna mtu aliyeita. Singano akainuka taratibu, akatafuta kandambili zake kwa miguu, akazivaa.

"Samahanini," akasema. "Nimechelewa."

Akatoka. Tabia akamtupia Zahabu mtoto, akamkimbilia. Nandonde akakimbia, kikohozi kikamkamata langoni akainama. Zahabu akageuka akamwambia Naetwe, "Andika, mwanangu. Andika lolote, lakini andika sasa." Na Naetwe peke yake ndiye aliyebaki na kalamu, na njia ya kwenda kijitoni ni ya mteremko, haimchukui mtu muda mrefu.

Mimi nakomea hapo, na msiniombe zaidi, maana kila ninapoisimulia watu hugombana mpaka nguo zinachanika. Kuna aliyeiona kamba na akaita. Kuna aliyepanda mti na akaitwa. Kuna aliyeikausha na anataka. Singano yuko njiani, mkewe hajamfikia, na kalamu nimeiweka mkononi mwako wewe uliyekaa hapo ukitikisa kichwa.

Je, nani alistahili jina lile, na wewe ungethubutu kuliandika la nani?